Matembezi ya Baharini Katika Miaka ya Ukata

Wengi hudhani kwamba dhiki ya mali ikiingia katika nchi, jambo la kwanza watu wanaloliacha ni safari za starehe, kwa kuwa safari si chakula wala si kodi ya nyumba. Na dhana hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mwenye kuitazama tarikhi ya merikebu kubwa za abiria za Bahari ya Atlantiki, baina ya mwaka 1929 na 1939, ataona ajabu: ukata ule haukuizima hamu ya kusafiri, bali uliifupisha safari, ukaishusha bei yake, na hatimaye ukaifikisha mikononi mwa watu ambao wazee wao hawakupata kulala baharini ila kama wahajiri au mabaharia.

Wahajiri hao ndio waliokuwa riziki ya kampuni za meli. Serikali ya Marekani ilipoweka kiwango cha wageni wa kuingia nchini kwa sheria za mwaka 1921 na 1924, vyumba vya chini vilivyokuwa vikisheheni maskini wa Ulaya vikabaki vitupu. Wenye merikebu wakavisafisha, wakavipaka rangi, wakawauzia walimu na wanafunzi waliotaka kuiona Ulaya kwa nauli ndogo. Haukupita muda ila soko la hisa la New York likaanguka, Oktoba 1929, na abiria waliokuwa wakivuka Atlantiki, ambao mwaka 1930 walikaribia milioni moja, mwaka 1934 hawakufika hata nusu yake. Na merikebu, hata ikilala gatini bila ya kazi, haiachi kula: inadai ushuru wa bandari, walinzi, rangi, na riba ya mkopo ulioiunda. Ndipo wenyewe walipoona kuwa heri kusafiri kwa faida haba kuliko kutosafiri kabisa.

Huko New York mambo yalisaidiwa na sheria ambayo haikukusudiwa kumnufaisha mwenye meli yeyote. Ulevi ulikuwa marufuku Marekani tangu 1920, lakini merikebu ya kigeni ikishapita maili 12 kutoka pwani ilikuwa huru kufungua makabati yake. Basi zikazuka safari za siku tatu au nne zisizo na bandari ya kwendea, watu wakitoka Ijumaa na kurudi Jumatatu asubuhi wakiwa na macho mekundu. Mauretania, iliyokuwa imeshika sifa ya kuivuka Atlantiki kwa kasi kuliko zote kwa muda wa miaka 20, hata Bremen ya Wajerumani ilipoipokonya mwaka 1929, ilipakwa rangi nyeupe uzeeni mwake na kutumwa kuwatembeza watu visiwa vya Karibi. Naiona kuwa ni dhila kwa chombo cha heshima kama kile, ingawa abiria wake bila shaka hawakuona hivyo.

Uingereza sababu ilikuwa nyingine. Septemba 1931 serikali iliitenga pauni na dhahabu, thamani yake ikashuka, na aliyezoea kwenda Ufaransa au Uswisi akakuta hoteli zimekuwa ghali kwake; lakini ndani ya merikebu ya Kiingereza, hata ikitia nanga Madeira au Norway, chakula, kitanda na kinywaji vyote vililipwa kwa pauni. Nauli ikatangazwa kuwa kama pauni moja kwa siku. Makarani na walimu wa kike wakajaa sitahani, wakirusha pete za kamba na kuogelea katika hodhi la turubai lililojazwa maji ya bahari, huku nchini mwao watu wasio na kazi wakikaribia milioni tatu.

Katika hao walikuwamo waunda meli wa Clydebank, Uskoti. Tarehe 11 Disemba 1931 kampuni ya Cunard ilisimamisha uundaji wa merikebu iliyojulikana wakati ule kwa nambari yake tu, 534, na watu wapatao 3,000 wakaachishwa kazi kwa siku moja. Kiunzi kile kikubwa kilisimama juu ya mji zaidi ya miaka miwili, kikiota kutu, ndege wakijenga viota ndani yake, mpaka serikali ilipokubali kutoa mkopo wa pauni milioni 9.5 kwa sharti kwamba Cunard na mshindani wake White Star waungane. Aprili 1934 wafanyakazi walirudi kazini wakitanguliwa na wapiga zumari za Kiskoti, na Septemba mwaka ule merikebu ikashuliwa kwa jina la Queen Mary. Mauretania ilikatwakatwa mwaka uliofuata, na vyuma vyake vikauzwa.

Wajerumani nao walizichukua merikebu zao zilizolala bure wakaanza, mwaka 1934, kuwasafirisha wafanyakazi kwa nauli ndogo chini ya chama cha serikali ya Hitler. Lakini kwa uhaba wa fedha za kigeni, wengi waliitazama Norway kutoka sitahani wasiikanyage, na propaganda ndiyo iliyokuwa nahodha.

Mwaka 1938 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowafungulia njia wafanyakazi kupata mapumziko ya wiki moja yenye malipo, na miaka iliyofuatia vita vya pili ikaonyesha ni wangapi waliokuwa wakiingoja. Msukosuko wa mwaka 2009 ulithibitisha tabia ile ile: safari za watalii wa kimataifa zilipungua kwa kiasi cha asilimia nne tu, na mwaka wa pili zikapita pale zilipokuwa. Basi asemaye kuwa dhiki huua utalii hakuitazama vyema hesabu. Msafiri hujua kujipunguzia siku na starehe; mzigo wa dhiki humwangukia aliyeiunda merikebu na aliyeihudumia, na nauli ya pauni moja kwa siku haikuwa ukarimu wa mtu yeyote.