Kodi Isiyolipwa TRA

Kila nikisema nilifundishwa "kodi za nguvu" pale Shinyanga, mtu hudhani naongelea TRA. Hapana bwana! Wapiga gitaa wa mtaani ndivyo wanavyotamka: kodi. Na kodi ya nguvu, au pawakodi, ni noti mbili tu, ya mzizi na ya tano yake. Ile ya tatu, inayoamua wimbo uchangamke au uhuzunike, haimo.

Mwalimu wangu alikuwa mchimbaji mdogo. Alirudi kutoka Geita na vidole vitatu mkono wa kushoto; viwili vilibaki kwenye mkanda wa karasha. Kabla ya hapo alipiga dansi, nyimbo za kina Mbaraka Mwinshehe, ambazo hata mwenye vidole vyote jasho linamtoka. Gitaa likakaa ukutani karibu mwaka mzima. Siku moja akalishusha, akalegeza ule waya mnene kwa toni moja, akalaza kidole kimoja juu ya nyaya tatu. Kumbe inatosha!

Baadaye nikaanza kusoma historia ya mlio ule. Mwaka 1958 Mmarekani Link Wray alitoa "Rumble". Husimuliwa kwamba alitoboa spika zake kwa penseli ili sauti ikwaruze. Mwaka 1965, mjini Birmingham, mashine ya kiwandani ilimkata Tony Iommi ncha za vidole viwili, tena siku yake ya mwisho kazini. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Mlio mzito wa Black Sabbath ukatokea hapo. Jirani zetu wa Zambia nao, miaka ya 1970, walipiga roki yao kwenye miji ya migodi ya shaba. Jagari Chanda, mwimbaji wa bendi ya WITCH, aliishia mwenyewe kuchimba vito.

Sisi je? Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa 1966, huu mkubwa wa sasa ukaanza 2000. Katikati hapo gitaa la umeme lilikuwa mali ya bendi za dansi, ambamo solo, ridhimu na besi hupishana kama watu wenye adabu mlangoni. Pawakodi haimpishi mtu, inajaza chumba chote. Nadhani ndiyo maana haikupata kiti kwetu, ikabidi ipitie kwenye mkono wa mtu aliyeumia.

Nilimpelekea mwalimu habari za Iommi nikidhani nitamfurahisha. Alisikiliza hadi mwisho, akautazama mkono wake.

"Mdogo wangu, huyo fidia alilipwa?"

Nikanyamaza. "Basi kaka, tupige," nikasema. Akachukua gitaa.