Shibe na Njaa: Historia ya Chakula na Uzito wa Mtoto wa Shule ya Msingi

Wahenga walisema, "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza." Katika msemo huo mfupi waliyaweka pamoja mambo mawili ambayo sisi tumezoea kuyatenganisha. Tumwonapo mwanafunzi aliyekonda, twasema ana njaa. Tumwonapo aliyenenepa kupita kiasi, twasema ameshiba mno. Kisha humlaumu mmoja kwa umaskini wa wazazi wake na mwingine kwa ulafi wake mwenyewe. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba watoto hao wawili ni wa historia moja. Uzito wa mtoto ni kumbukumbu ya shamba, ya soko, ya kazi za mama na ya ratiba ya shule. Asiyeijua historia hiyo ataitazama mizani na kusoma namba tu, wala hataelewa maana yake.

Tuanze na chakula chenyewe, kwa kuwa chakula ni sehemu ya utamaduni wa taifa sawa na lugha na ngoma. Kila eneo la nchi yetu lilijenga mlo wake kufuatana na ardhi na mvua. Katika Kagera na kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ndizi ndiyo iliyokuwa nguzo ya nyumba. Katika nyanda kavu za Dodoma, Wagogo walitegemea uwele na mtama, wakala ugali pamoja na mlenda na maziwa ya mifugo yao. Watu wa pwani walikuwa na samaki, nazi, mchele na muhogo. Hata hivyo tusidhani kwamba vyakula hivyo vyote vilikuwapo tangu kuumbwa kwa dunia. Ndizi zilitoka Asia, na mahindi na muhogo vilivuka bahari kutoka Amerika baada ya Wareno kuanza safari zao za karne ya 15 na ya 16. Utamaduni wa chakula daima umekuwa ukipokea vitu vipya na kuvifanya vyake.

Mtoto alikuwa na nafasi yake katika utaratibu huo. Katika jamaa nyingi watoto walikula pamoja katika chombo kimoja, mkubwa akifundishwa kumwachia mdogo. Asubuhi walikula kiporo cha usiku uliopita, pengine kwa maziwa ya mgando. Mchana, wakichunga au wakitafuta kuni, walichuma ukwaju, zambarau, mabungo na ubuyu. Kule Kagera walingoja msimu wa senene, na kwingineko wakangoja kumbikumbi baada ya mvua. Vitu hivyo watu wazima hawakuvihesabu kuwa ni mlo, lakini viliujenga mwili wa mtoto. Wakati huohuo kulikuwa na miiko iliyomnyima mtoto baadhi ya vyakula vilivyokuwa bora kwake. Katika jamii kadhaa mayai, kwa mfano, hayakuruhusiwa kwa watoto wala kwa wanawake wajawazito. Pia njaa za ukame hazikukosekana. Kwa sababu hiyo unene ulikuwa heshima. Kumwambia mtu kwamba amenenepa kulikuwa ni kumpongeza kwa afya na amani ya nyumba yake, na maneno hayo bado yanasikika leo.

Ukoloni uligeuza mpango huo kwa namna mbili. Kwanza, ulichukua nguvu ya kazi. Zao la katani liliingizwa nchini mwaka 1893. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ikatangaza kodi ya nyumba. Ili kupata fedha ya kodi, wanaume waliyaacha mashamba yao wakaenda kuwa manamba katika mashamba makubwa, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia serikali ya Kiingereza iliendeleza mtindo huohuo. Mama alibaki peke yake na jembe, kuni, maji na watoto. Katika hali hiyo muhogo ulipendwa kwa kuwa haukudai palizi nyingi wala kulindwa dhidi ya ndege kama ulivyodai mtama. Lakini muhogo ni wanga mtupu kwa sehemu kubwa, na mtoto aliyelishwa huo peke yake alishiba pasipo kujengwa mwili.

Pili, ukoloni ulichukua chakula chenyewe. Mfano ulio wazi ni njaa iliyoikumba Ugogo kati ya miaka 1917 na 1920, ambayo wenyeji waliipa jina la Mtunya. Majeshi ya pande zote mbili za vita yalitwaa nafaka, mifugo na wapagazi. Ukame ulipofuata, watu hawakuwa na akiba ya kukimbilia. Mvua peke yake haikuwa sababu ya njaa ile. Watu wa Ugogo walikuwa wameujua ukame tangu zamani, wakawa na ghala, mifugo na ujamaa wa kukopeshana. Vita ndiyo iliyovunja ngao hizo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza vita dhidi ya maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Adui hao hukutana katika mwili wa mtoto mwenye utapiamlo. Mwaka 1967 sera ya Elimu ya Kujitegemea iliagiza kwamba shule iwe pia mahali pa uzalishaji, na mashamba ya shule yakaenea nchini kote. Mwaka 1973 Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria, na mwaka huohuo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi kando ya redio katika vikundi vya kujifunza. Mwaka 1975, baada ya miaka ya ukame na upungufu mkubwa wa nafaka, ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Katikati ya mambo hayo, mnamo Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani.

Azimio la Musoma lilikuwa tendo kubwa katika historia ya elimu ya Afrika. Lakini lilizaa swali ambalo halikujibiwa kikamilifu. Mtoto ambaye zamani angekula kiporo, akachuma matunda porini na kurudi jikoni kwa mama mchana, sasa alikuwa darasani saa hizo zote. Aliondoka alfajiri, akatembea kilometa kadhaa, akarejea alasiri. Shule ilichukua saa za kula za mtoto bila kuchukua wajibu wa kumlisha. Madarasa yaliongezeka kwa kasi. Sufuria hazikuongezeka kwa kasi hiyo.

Somo lililo bora kabisa juu ya jambo hili lilitoka Mkoa wa Iringa. Iringa ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa mahindi, ikiwalisha wengine. Lakini watoto wake wengi walikuwa na uzito pungufu. Kuanzia mwaka 1983 serikali, ikishirikiana na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, iliendesha mpango wa lishe ulioanza katika vijiji 168. Watoto wenye umri chini ya miaka mitano walipimwa uzito kijijini kwao, mbele ya wazazi wao, na matokeo yakajadiliwa na serikali ya kijiji. Wanakijiji waliuliza kwanza: hali ikoje? Kisha: kwa nini? Mwisho: tufanye nini kwa uwezo tulio nao? Halafu walipima tena.

Majibu yalishangaza wengi. Ghala lilikuwa na mahindi, ila mtoto alilishwa mara mbili tu kwa siku kwa sababu mama alikuwa shambani tangu asubuhi. Tumbo la mtoto ni dogo. Haliwezi kupokea kwa mara mbili chakula cha kutwa nzima. Hivyo vikaanzishwa vituo vya kulelea watoto mchana, akina baba wakakumbushwa wajibu wao, na uji ukapikwa mara nyingi zaidi. Watafiti wetu walitambua pia thamani ya kimea, yaani ulezi au mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, ambao wananchi waliutumia tangu zamani kutengenezea pombe. Unga kidogo wa kimea ukitiwa katika uji mzito, uji huo hulainika, na mtoto huweza kula unga mwingi zaidi katika bakuli lilelile. Maarifa ya wazee yalipewa kazi mpya. Kati ya mwaka 1984 na 1988, katika vijiji hivyo vya kwanza, watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi takriban asilimia 38. Waliodhoofika sana walipungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini mizani ile ilimwaga mtoto alipotimiza miaka mitano. Kadi ya kliniki iliwekwa kabatini, na mwanafunzi wa darasa la kwanza akawa hana wa kumpima. Jirani zetu wa Kenya walijaribu kuziba pengo hilo mwaka 1979, pale Rais Daniel arap Moi alipoanzisha mpango wa kuwapa wanafunzi wa shule za msingi maziwa ya bure, yaliyojulikana kama Maziwa ya Nyayo. Mpango huo ulikumbukwa kwa furaha na kizazi kizima, ila ulitegemea hazina ya serikali, nao ukafifia katika miaka ya 1990. Kwetu Tanzania, uji wa shule umetegemea zaidi michango ya wazazi na mavuno ya shamba la shule. Ada na michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, baadhi ya wazazi walielewa kwamba hata chakula si juu yao tena, na katika shule kadhaa jiko likapoa.

Wakati huohuo historia ilifungua mlango wa pili. Tangu katikati ya miaka ya 1980 biashara ililegezwa, miji ikapanuka, na sukari, mafuta ya kupikia, ngano na soda vikawa karibu na kila mtu mwenye fedha kidogo. Mtoto wa mjini hupewa sarafu badala ya kiporo. Langoni mwa shule hununua maandazi, chipsi, barafu na vinywaji vya rangi. Basi humchukua nyumbani na kumrudisha, na uwanja aliokuwa akicheza umejengwa nyumba. Hivyo uzito huongezeka, na pamoja nao hatari ya kisukari na shinikizo la damu ukubwani. Mwaka 2025 UNICEF ilieleza kwamba, kwa hesabu ya dunia nzima, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene uliokithiri wamewazidi kwa mara ya kwanza wale wenye uzito pungufu. Afrika iliyo kusini ya Sahara haijafika huko. Lakini njia inayoelekea huko tumekwisha kuikanyaga. Upande mwingine, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta watoto wetu 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, baada ya kuwa 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Ndio hao watakaoingia darasa la kwanza.

Basi mkonde na mnene wamezaliwa na badiliko moja. Wote wawili wametengwa na mlo uliojengwa na ardhi yao: mmoja hakupewa kitu mahali pake, mwingine alipewa kitu cha kununua. Kumcheka mmoja kwa kumwita kimbaumbau na mwingine kwa kumwita bonge ni kumtoza mtoto deni ambalo hakulikopa.

Mwalimu anaweza kuligeuza jambo hili kuwa somo. Katika hisabati, wanafunzi na wagawe kilo za mwili kwa urefu wa meta uliozidishwa kwa wenyewe. Mtoto wa miaka kumi mwenye kilo 30 na urefu wa meta 1.40 atapata 15.3. Kwa mtu mzima namba hiyo ni dalili ya kukonda vibaya, kwani kiwango chake huanzia 18.5, kwa mtoto huyo ni uzito mwema. Wanafunzi watajifunza hapo kwamba kipimo hakina maana bila kujua umri na hali ya anayepimwa. Hesabu hiyo na ifanywe kwa mifano, na kila mtoto apimwe kwa faragha, maana uzito uliotangazwa mbele ya darasa huwa fimbo. Katika historia, kila mwanafunzi na aulize wazee wake walikula nini walipokuwa na umri wake, nani alipika, na nani alikuwa shambani. Majibu yakikusanywa, darasa litakuwa na historia ya wilaya yake.

Jambo kubwa zaidi ni kuipeleka mizani kwenye mkutano wa wazazi, kama walivyofanya wanakijiji wa Iringa, na kuuliza maswali yale matatu. Iringa haikuongezewa mahindi. Iliongezewa mazungumzo, mpango na nafasi ya mama kupumua. Shule yenye shamba dogo la mtama na maharage, sufuria moja na kamati ya wazazi wanaoaminiana imekwisha kuanza kazi. Taifa lililoweza kumtafutia kila mtoto dawati haliwezi kushindwa kumtafutia bakuli la uji.