Nyasi Zilizozikwa: Jembe, Moto Kichaa na Nyumba za Wazee wa Ufipa

Uwanda wa juu wa Ufipa, ulioinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, una miti michache na nyasi nyingi, na kwa kuwa mvua zake hukoma Aprili au Mei na kurudi Novemba, nyasi hizo hukauka kwa takriban miezi sita huku upepo wa kusini-mashariki ukivuma. Katika mazingira hayo, kinga ya nyumba dhidi ya moto kichaa, yaani moto wa nyika usio na mtu wa kuuongoza, haikutafutwa katika paa, kwa kuwa paa lenyewe lilikuwa la nyasi. Sehemu kubwa ya kinga hiyo ilitokana na jembe, ingawa aliyelishika alikuwa akifikiria chakula.

Wafipa walilima kwa intumba, yaani vichuguu vya mbolea: mvua zilipokaribia kwisha, udongo ukiwa bado laini, mkulima alikusanya nyasi, akazipanga fungu na kuzifunika kwa mabonge ya udongo yaliyogeuzwa mizizi juu, kisha mara nyingi akapanda maharage juu ya kichuguu. Nyasi zilioza ndani kwa miezi kadhaa, na mvua mpya zilipoanza, kichuguu kilitawanywa na ulezi ukapandwa. Jirani zao Wabemba, upande wa Zambia, walifuata njia iliyo kinyume, kwani walikata matawi ya miti na kuyachoma ili wapate majivu ya kurutubisha shamba. Mfipa, ambaye miti ilikuwa adimu kwake, alizika kile ambacho mwenzake angekichoma. Matokeo yake yanastahili kuangaliwa kwa makini: ilipofika Julai au Agosti, msimu wa moto, shamba la intumba lililopakana na kijiji lilikuwa udongo mtupu, na moto uliotoka nyikani ulikosa chakula kabla ya kuzifikia nyumba.

Kwa mzee asiyeweza tena kuinua jembe, kinga hiyo ilitegemea watu. Kazi ya intumba ilifanywa mara nyingi kwa mwaliko wa pombe ya ulezi, ambapo majirani walilima kwa siku moja na kunyweshwa baadaye, hivyo mjane mwenye ulezi wa kutosha, au mwenye binti wa kumpikia pombe, aliweza kulimiwa kandokando ya nyumba yake. Asiye na ulezi wala ndugu alibaki katika hatari, na si haki kuupamba utaratibu huo kana kwamba haukumwacha mtu.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na mahindi. Katika miaka ya 1970 na 1980 mkoa wa Rukwa, ulimo uwanda huu, ulihesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma miongoni mwa mikoa minne mikuu ya mahindi nchini Tanzania, na plau ya ng'ombe na mbolea ya dukani vikapunguza haja ya vichuguu. Mahindi yakishavunwa, mabua husimama shambani yakiwa makavu kiangazi kizima, na baadhi ya wakulima huyachoma ili kusafisha shamba. Ardhi ambayo zamani ilizuia moto ikageuka kuwa njia yake. Sheria ya Misitu ya 2002 huzuia kuchoma mimea ovyo bila kibali, lakini kibali hakiondoi mabua.

Mjini Sumbawanga, katika kata kama Katandala, bati limechukua nafasi ya nyasi, na hiyo ni nafuu ya kweli, ila cheche huweza kupenya katika upenyo ulio chini ya bati au kuangukia kuni na mabua yaliyoegemezwa ukutani. California, ambako sheria humtaka mwenye nyumba katika maeneo ya hatari kupunguza mimea ya kuwaka hadi mita 30 kutoka nyumbani, imefikia kwa amri jambo ambalo intumba ililifanya bila kukusudia. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamhesabu mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na kwa mtu wa umri huo ushauri wa kusafisha mita 30 hauna maana bila vijana wa kuzilima. Viongozi wa mitaa na vijiji vya Ufipa wanaotaka kuwasaidia wazee hawa wapange zamu za kulima Machi na Aprili, udongo ukiwa bado na maji, kwa sababu kufikia Agosti ardhi huwa ngumu na moto huwa umeshaanza kuonekana mlimani.