Uthabiti kama Mpangilio wa Kazi: Mfano wa Wangari Maathai

Wahamasishaji wanaojaza kumbi za Nairobi na Dar es Salaam huuza wazo moja kwa sura nyingi: kwamba anayeshindwa ameshindwa kwanza moyoni mwake, na fikra zikishanyooka mambo hufuata. Makala haya yanalipinga wazo hilo. Uthabiti unaodumu haukai moyoni peke yake. Hujengwa nje ya mtu, katika kazi ndogo inayopimika, katika watu wanaoishika kazi hiyo pamoja naye, na katika uhuru wa kubadili njia. Nitaipima hoja hii kwa maisha ya Wangari Maathai (1940–2011), ambayo husimuliwa mno kana kwamba yalikuwa safari iliyonyooka kuelekea Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 2004.

Masimulizi mengi huanzia 5 Juni 1977, ilipopandwa miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Afadhali tuanzie nyuma kidogo, kwenye Envirocare, kampuni aliyoianzisha ili kuwapa watu ajira ya kupanda miti. Fedha hazikutosha, maji yakawa shida, na aliporejea kutoka mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu makazi uliofanyika Vancouver mwaka 1976, alikuta miche karibu yote imekufa. Kampuni nayo ikafa. Maathai hakujaribu kuifufua. Alilipeleka wazo la miti kwenye Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya, na huko ndiko lilikozaliwa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Mhamasishaji angemwambia asikate tamaa. Kwa kweli alikata tamaa, lakini na kile tu kilichostahili kukatiwa tamaa.

Vuguvugu hilo lilikuwa na utaratibu ambao naona una uzito kuliko hotuba zake zote. Wanawake wa vijijini waliotunza vitalu walilipwa senti chache kwa kila mche, ila malipo yalitoka baada ya kuthibitishwa kwamba mche umehamishiwa shambani na umeshika. Anayelipwa kwa kupanda hupanda na kuondoka. Anayelipwa kwa mti uliopona hurudi kumwagilia. Uvumilivu ulikuwa ndani ya hesabu ya malipo, na haukungoja mtu aamke na moyo mkunjufu. Mabwana misitu walipodai kwamba kazi hiyo inataka diploma, wanawake waliendelea kuotesha mbegu katika vyungu vilivyovunjika.

Hili halipunguzi ujasiri wa Maathai mwenyewe. Mwaka 1982 aliacha kazi Chuo Kikuu cha Nairobi ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na chuo hakikumrudisha. Mshahara ukakatika, na nyumba ya chuo ikabidi aiache. Hakuna fikra chanya inayolipa kodi ya nyumba. Kilichomwezesha kuendelea ni kwamba vuguvugu lilipata msaada kutoka Chama cha Misitu cha Norway na mfuko wa wanawake wa Umoja wa Mataifa, naye akawa mratibu wake. Anayewahubiria maskini ustahimilivu bila kutaja fedha hizo anawatwika mzigo ambao hata Maathai hakuubeba peke yake.

Kisa cha Freedom Corner ndicho kinachoikata hoja. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika kona hiyo ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia. Yeye alipigwa hadi akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali. Kama uthabiti ungekuwa mali ya shujaa mmoja, mgomo ungeishia hapo. Akina mama walihamia kanisa kuu la All Saints wakakaa huko karibu mwaka mzima, na mapema 1993 wengi wa wana wao waliachiwa.

Bustani hiyohiyo ilikuwa imempa somo chungu zaidi mwaka 1989, alipopinga kujengwa humo jengo la ghorofa 60. Wabunge walimkejeli, talaka yake ikageuzwa hoja ya siasa, na Mahakama Kuu ikaitupilia mbali kesi yake kwa kusema hakuwa na haki ya kuileta, maana hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Jengo halikujengwa, lakini si kwa sababu alishinda kesi: wafadhili wa nje waliona kelele zimezidi wakajiondoa. Leo Kifungu cha 70 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara. Sidai kwamba kesi ile ndiyo iliyokizaa kifungu hicho. Ila mwanafunzi wa sheria anayevisoma viwili hivyo pamoja ataona kwamba hoja aliyoshindwa nayo Maathai mwaka 1989 sasa haina mashiko katika mahakama za Kenya.