Kwa nini umeme wa nyumbani huunganishwa sambamba

UKIZIMA taa ya chumba cha kulala, runinga iliyo sebuleni haizimiki. Balbu ya jikoni ikiungua, jokofu huendelea kufanya kazi kama kawaida.

Hali hii inatokana na jinsi vyombo vya umeme nyumbani vinavyounganishwa, yaani sambamba, wala si kwa mfuatano.

Katika mfuatano, vyombo hupangwa kama shanga kwenye uzi mmoja. Mkondo uleule wa umeme hupita katika kila kimoja, na kimoja kikiharibika njia hukatika na vyote huzimika. Isitoshe, volti hugawanywa baina yavyo, hivyo balbu mbili zinazofanana zitatoa mwanga hafifu.

Katika muungano sambamba, kila chombo huwa na njia yake kutoka waya mmoja wa chanzo hadi wa pili. Kila kimoja hupata volti kamili, ambazo nchini Kenya ni 240, na huwashwa au kuzimwa bila kuathiri vingine.

Mvumbuzi Thomas Edison alitumia mpango huu katika kituo cha umeme cha Pearl Street jijini New York, Marekani, kilichoanza kazi Septemba 4, 1882. Kwa njia hiyo, kila mteja aliweza kuzima taa zake bila kumtia jirani gizani.

Hata hivyo, faida hiyo ina gharama. Tuchukue mfano wa vyombo viwili, kimoja chenye ukinzani wa omu 60 na kingine omu 40. Kwa mujibu wa kanuni ya Mjerumani Georg Ohm, iliyochapishwa mwaka wa 1827, mkondo hupatikana kwa kugawanya volti kwa omu.

Chombo cha kwanza kitavuta ampea 4 na cha pili ampea 6. Waya unaovilisha vyote viwili utabeba ampea 10, sawa na chombo kimoja chenye omu 24.

Hivyo, ukinzani wa jumla ni mdogo kuliko wa chombo chochote kati ya hivyo viwili. Ni kama ukumbi uliojaa watu: kila mlango unaofunguliwa huongeza idadi ya wanaotoka kwa wakati mmoja.

Hapo ndipo hatari ilipo. Soketi za kebo ya ekstensheni pia zimeunganishwa sambamba. Birika la wati 2,000 huvuta takriban ampea 8.3, pasi ya wati 1,200 ampea 5, na jiko la koili la wati 1,000 takriban ampea 4.2.

Vikiwashwa pamoja, waya mmoja wa ekstensheni hubeba ampea 17.5, ilhali plagi yake imeundwa kwa ampea 13. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto katika waya huwa mara nne. Plastiki inayoufunika huyeyuka, na moto unaweza kuzuka.

Kinga ya hatari hii ni fyuzi, ambayo huwekwa kwa mfuatano ili mkondo wote upitie humo. Ikikatika, vyote huzimika, na hilo ndilo lengo lake. Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi huondoa kinga hiyo kabisa.

Hata fyuzi nzima huweza kuchelewa kukatika mkondo unapozidi kwa kiasi kidogo. Kwa hivyo, ni busara kujumlisha wati za vyombo kabla ya kuvichomeka: kwa volti 240, ampea 13 ni sawa na wati 3,120.

Plagi au soketi ikipata moto, vyombo vizimwe mara moja na fundi aliyeidhinishwa aitwe aikague. Kuongeza ekstensheni nyingine juu ya ile ya kwanza hakuongezi uwezo wa waya uliomo ukutani.