Mawimbi ya redio, kisigino na kidato cha ngazi

Wadau, leo siasa ipumzike kidogo. Tuzungumze kisigino.

Mpenzi yeyote wa soka la Bongo anakumbuka, au amesimuliwa, mwaka 1986. Tukuyu Stars, "Banyambala" wenyewe, walipanda ligi kuu na msimu huo huo wakautwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Simba na Yanga hawakuamini! Kwa mashabiki waliokuwa mbali na uwanja, kuanzia Dar hadi migombani kule Kisondela, redio ndiyo ilikuwa macho yao.

Sasa, hayo mawimbi ya redio yana ndugu zao waliokwenda kufanya kazi hospitalini. Kazi yao ni kupasha moto viungo vilivyoumia, zikiwemo kano. Kano ni ile kamba ngumu inayofunga msuli kwenye mfupa. Mtaani wengi tunaiita mshipa. Kubwa kuliko zote ni ya kisigino, na ikigoma, mwanamichezo hana lake.

Turudi nyuma. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian walianzisha kituo chao Rungwe. Miaka hiyo hiyo, kule Paris, daktari Arsène d'Arsonval alikuwa akionyesha jambo la ajabu: umeme unaogeuka mwelekeo zaidi ya mara 10,000 kwa sekunde unaweza kupita mwilini bila kuustua msuli. Ulichoacha ndani ni joto. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mjerumani Karl Franz Nagelschmidt akaieneza tiba hiyo kwa jina la diathemia, yaani joto linalopenya.

Mashine zikaongezeka mpaka zikaanza kuvuruga mawasiliano. Mwaka 1947 mkutano wa kimataifa wa Atlantic City, Marekani, ukazitengea masafa yao. Yanayotumika zaidi ni megahezi 27.12, wimbi la mita kama 11. Ukiikumbuka SW kwenye redio ya babu, basi hawa ni majirani zake kabisa. Miaka ya 1980 kampuni moja ya Barcelona ikaja na mashine ya kilohezi 448, na leo mashine za aina hiyo ziko kwenye vyumba vya tiba vya timu kubwa za Ulaya.

Je, zinasaidia? Joto huongeza mzunguko wa damu, hulegeza ukakamavu na kupunguza maumivu kwa muda. Ndiyo maana bibi zetu walikanda kwa maji ya moto, na wachua misuli wa vilabu vyetu nao wakafanya hivyo. Tofauti ni kwamba mashine inafika ndani zaidi. Lakini kano iliyochoka kwa muda mrefu imeharibika nyuzi zake, na joto peke yake halizijengi upya.

Muulizeni Haile Gebrselassie. Sydney, mwaka 2000, alishinda mita 10,000 mbele ya Paul Tergat kwa sekunde 0.09, huku kano ya kisigino ikimsumbua. Baada ya hapo alifanyiwa upasuaji. Bingwa wa dunia mwenye madaktari wazuri, na bado kisigino kilimpeleka kwenye kisu.

Wakati huo jibu lilikuwa limeshapatikana Sweden, na halikuwa mashine. Daktari wa mifupa Håkan Alfredson alikuwa na maumivu hayo hayo, na bosi wake akakataa kumfanyia upasuaji. Kwa hasira akaamua kuielemea kano yake mpaka ikatike, wapende wasipende. Badala ya kukatika, ikapona! Mwaka 1998 akachapisha utafiti wa wakimbiaji 15 wa kujifurahisha. Baada ya wiki 12 wote walirudi kukimbia.

Dawa yenyewe? Unasimama kwa vidole ukingoni mwa kidato cha ngazi. Unapanda kwa mguu mzima, unashuka taratibu kwa unaouma mpaka kisigino kipite chini ya ukingo. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka. Kisha hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku. Ukizoea, unabeba begi lenye uzito. Tafiti za baadaye hazikupata wote 15 kwa 15, lakini mazoezi ya kuibebesha kano mzigo ndiyo msingi wa tiba hadi leo. Mawimbi ni msaidizi tu.

Kwa nini nalisema hili? Kwa sababu tumezoea kuamini kwamba tiba ya kweli lazima iwe na waya na iwe mbali. Kijana wa Kisondela akiumia kisigino anaambiwa hakuna mashine, basi. Anaacha mpira akiwa na miaka 20. Kumbe mlangoni kwao kuna kidato, na nje kuna miteremko ambayo Ulaya wangeitoza kiingilio.

Tahadhari tatu. Ukisikia kitu kimelia "paa" kisiginoni na mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali, usianze mazoezi. Na mwenye kifaa cha umeme moyoni asikaribie mashine hizo. Kama maumivu yako yapo pale chini kabisa kano inapogusa mfupa, usishushe kisigino chini ya ukingo.

Vilabu vyetu vingapi vinawafundisha vijana jambo hili la bure? Karibuni tujadili.