Bandeji Ikitoka, Moyo Nao Unahitaji Kuuguzwa

Leo tunazungumza juu ya mtu aliyekuwa mzima jana, na leo ana ulemavu. Labda alianguka na pikipiki, labda kisukari kimefanya akatwe mguu, labda ni kiharusi. Hospitali imemtibu na kumrudisha nyumbani, na sasa mmebaki wewe na yeye. Kidonda kinafunga. Je, moyo? Jibu tunaweza kulipata katika historia ya mji wetu wenyewe.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, magaidi walilipua bomu kwenye ubalozi wa Marekani, pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie Avenue. Watu 213 walikufa hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Kwanza ulisikika mlipuko mdogo. Watu waliokuwa maofisini wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Mlipuko mkubwa ulipofuata, vioo vikawapiga usoni. Ndiyo maana wengi waliumia macho siku ile, na baadhi yao wakapoteza kuona kabisa. Walikuwa watu wa kawaida waliotoka nyumbani asubuhi wakiona njia, wakarudi wakishikwa mkono.

Wakati huo, mambo ya ushauri nasaha hayakuwa ya kawaida kwetu. Mgonjwa alishonwa, akapewa dawa, akaambiwa ashukuru Mungu kwa kuwa hai. Lakini bomu lile lilifungua macho ya wauguzi na madaktari. Chama cha madaktari cha Kenya kilianzisha mpango ulioitwa Operation Recovery, na Dk. Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa miongoni mwa walioushughulikia. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza watu na kuwasaidia waliojeruhiwa rohoni.

Katika miezi ya kwanza baada ya bomu, Wakenya 2,883 waliulizwa maswali juu ya hali yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Karibu watu 35 katika kila 100 walikuwa na dalili za kiwewe, yaani mambo kama ndoto za kutisha, kushtukashtuka, na kukwepa chochote kinachomkumbusha mtu siku ile. Tena ilionekana kwamba dalili hizo zilienda pamoja na mambo fulani: jeraha lisilopona, kufiwa, shida ya pesa, na pia kutokuwa na rafiki wa kumweleza yaliyo moyoni.

Mama, hilo la mwisho ndilo nakuomba ulishike. Sisemi kwamba mazungumzo yanamaliza kila kitu. Lakini jeraha la mgonjwa huwezi kulifuta, na pesa pengine huna. Sikio unalo.

Mmoja wa waliopoteza macho siku ile ni Douglas Sidialo. Amesimulia hadharani kwamba mwanzoni alijaa hasira na alitamani kulipiza kisasi. Baada ya muda aliona kwamba uchungu ule ulikuwa unamzuia yeye mwenyewe kusonga mbele. Baadaye alipanda mlima Kilimanjaro, na akasafiri kwa baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town. Tafadhali usimtajie mgonjwa wako habari hii ili kumwaibisha kwamba wenzake wanaweza. Jambo la kujifunza ni kwamba hasira ilitangulia, na ilichukua muda.

Hivyo ndivyo ninavyoona hata hapa Dandora ninapotembelea nyumba. Mtu anaweza kukataa kabisa kwamba mguu umeenda, kesho akafoka, kesho kutwa akalia, halafu akarudi tena kwenye kukataa. Hana tabia mbaya. Anaomboleza, kama vile mtu anavyomwombolezea maiti, ila anayemlilia ni yeye wa zamani.

Basi mlezi afanye nini?

Kwanza, keti naye na umwache aseme. Usikimbilie kumwambia "nyamaza, wengine wako hali mbaya zaidi." Maneno hayo humfunga mdomo.

Pili, usimfanyie kila kitu. Walionusurika bomu bila macho walilazimika kujifunza upya kutembea kwa fimbo nyeupe na kusoma breli, na mashirika kama Kenya Society for the Blind, lililoundwa mwaka 1956, hufanya kazi hiyo ya kuwafundisha wasioona. Nyumbani anza na kidogo: achambue sukuma wiki, akunje nguo, ahesabu hatua kutoka mlangoni hadi choo cha ploti. Kila anachofanya mwenyewe kinamrudishia heshima.

Tatu, usimfiche ndani wageni wakija. Mtoto wake aendelee kumwomba ruhusa na ushauri. Bado ni baba, bado ni mama.

Nne, tafuta haki yake. Tangu mwaka 2003 Kenya ina sheria ya watu wenye ulemavu, na sheria mpya ilichukua nafasi yake mwaka 2025. Mwandikishe kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu.

Tano, jua dalili za hatari. Akikataa chakula kwa siku nyingi, asipolala, akianza kunywa pombe kupita kiasi, au akisema afadhali afe, usichukulie kama mzaha. Usimwache peke yake. Weka mbali dawa na sumu ya panya, kisha mpeleke kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Mama Lucy Kibaki siku hiyo hiyo.

Na wewe mlezi je? Wewe pia umeshtuka, na usiku hulali. Mtafute dada, jirani au mwenzako wa chama umweleze ya moyoni. Mwombe akukalie na mgonjwa japo saa moja upumzike. Mzigo wa mlezi nao hushuka ukisemwa.

Leo jioni, kabla ya kuwasha jiko, keti karibu naye umwulize: "Leo moyo wako uko aje?" Kisha ungoje jibu. Kwaherini, na afya njema.